Nauguza hospitali ya kanisa, nikiulizia makato naambiwa "huu ni utume"

Mkunga wa Zamu:
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Mimi ni muuguzi mkunga katika hospitali ya dayosisi huku Nyanda za Juu Kusini. Jina lake nalihifadhi. Mji wetu mdogo, ukikohoa hapa mchungaji anakupa pole kabla hujafika nyumbani.

Kwanza mjue sipachukii. Nimezaliwa kwenye wodi hiyohiyo ninayozalishia. Napenda kwamba mama asiye na hela harudishwi getini, na mgonjwa mahututi anaombewa bila kuulizwa dini yake. Nilikotoka sikuyaona hayo.

Sasa, pale tupo wa aina mbili. Wapo walioletwa na Serikali, mshahara wao unatoka Hazina na haukosi. Sisi wa hospitali tunalipwa wagonjwa wakilipa na madai ya bima yakiingia. Zamu moja, sare moja, mwisho wa mwezi mwenzangu anakwenda benki, mimi nakwenda kukopa unga. Hilo nimelizoea.

Nisilolizoea ni haya mengine. Nikitoka zamu ya usiku siruhusiwi kwenda kulala mpaka ibada ya asubuhi iishe, na daftari la mahudhurio linasainiwa. Halafu kwenye hati ya mshahara kuna makato yameandikwa "ujenzi", ya kanisa, ambayo sikuyakubali popote. Mhasibu alinipeleka kwa katibu wa afya. Katibu akasema, "Dada, huu ni utume, usihesabu." Tukafunga kwa sala.

Je, makato hayo ni halali? Na nitadaije bila kuonekana nimepoa imani? Siku hizi wakianzisha wimbo asubuhi mdomo unaimba, moyo haumo. Hilo linaniuma kuliko hela.

Katibu Mstaafu:
Marahaba binti yangu. Kiti cha huyo katibu nimekikalia, kwa dhehebu jingine, kwa hiyo nakupa ya jikoni.

Ucheleweshaji wa mshahara mara nyingi si hila. Hospitali ya kanisa iliyofanywa teule ya wilaya, yaani itumike kama hospitali ya wilaya, hupewa na Serikali baadhi ya watumishi na fedha kidogo. Pengo linazibwa na ada za wagonjwa na bima. Dai la bima likichelewa au likirudi limekatwa, wa kwanza kuumia ni ninyi wa ndani, mnaolipwa na hospitali yenyewe. Wafadhili wa ng'ambo waliotubeba zamani wamepungua sana.

Ila makato ni kitu kingine kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikuwaacha pembeni wauguzi wa kanisa. Mshahara haukatwi ila kwa jambo linaloruhusiwa na sheria, mkataba wa pamoja au amri ya mahakama, ama deni ulilokubali kwa maandishi. Mchango wa ujenzi haumo. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zinazozidi zinalipwa mara moja na nusu. Ibada ambayo daftari lake linasainiwa, mimi naihesabu kuwa kazi. Katibu atabisha.

Ukipita mjini ingia pia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, uombe taarifa ya michango yako. Usiniulize kwa nini nasema hivi.

Ustadhi wa Tanga:
Dada yangu, huku nako ni yaleyale, kofia tu ndiyo tofauti. Nafundisha sekondari ya Kiislamu. Tukiulizia mshahara tunaambiwa ujira wetu uko kwa Allah. Haki kabisa, lakini mwenye duka anataka wake leo. Tuliiendea kamati na hadithi aliyoipokea Ibn Majah, kwamba mwajiriwa alipwe kabla jasho lake halijakauka. Wazee waliinama, wakapanga tarehe ya malipo. Waliishika miezi kadhaa, kisha ikaja Ramadhani na futari za wageni wakubwa, tukarudi palepale.

Wenu nao wana Waraka wa Yakobo, sura ya 5, ujira wa wavunaji uliozuiliwa unapiga kelele. Mchungaji anaujua. Hakuna aliyepoa imani kwa kukumbusha Maandiko.

Chuma Chakavu:
Omba ajira serikalini uondoke. Kulialia kwa nini?

Mkunga wa Zamu:
@Chuma Chakavu nimeomba, kama wote. Ila nikiitwa nataka niondoke kwa kupata kazi, nisiondoke kwa kuichukia madhabahu.

Tawi Letu:
Ingieni TUGHE, chama cha wafanyakazi wa Serikali na afya, nyote wa ndani kwa pamoja, mdai mkataba wa hali bora, ndio huo wa pamoja kati ya chama na mwajiri. Mtu mmoja wanamwita mkorofi. Na msingoje mno: mgogoro wa kuachishwa kazi unafikishwa CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30, mingine siku 60.

Mkunga wa Zamu:
Asanteni sana. Nimeandika barua ya makato peke yake, ya ibada nimeiacha kwanza. Wenzangu wawili wa wodi ya watoto wamekubali kusaini. Mzee, nakala niipeleke TUGHE sasa hivi?

Katibu Mstaafu:
Bado. Mpe mganga mfawidhi, nakala kwa katibu, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikataa kuugonga, hapo ndipo uwaite TUGHE.