Gololi za zamani za kioo: yenye kondoo ndani, za mkono za Ujerumani au Akro za msokoto, nichukue zipi?

TausiWaOhio

Wakuu habari za wikendi. Niko Columbus, Ohio, na kuna mama mmoja mtu mzima anauza vitu vya marehemu mumewe, yule mzee alikuwa anakusanya gololi za kioo maisha yake yote. Amezipanga mafungu matatu, kila fungu dola 250, na mimi mfuko wangu unatosha fungu moja tu, na nataka nianze kukusanya kwa moyo, sio ninunue leo niuze kesho.

Fungu A ni gololi moja kubwa ya milimita 45, kioo hakina rangi na katikati kuna kondoo mweupe amesimama. Juu ina mikwaruzo na vidonda kama vitatu.

Fungu B ni gololi sita ndogo za mistari, milimita 16 hadi 20, anasema za Ujerumani, zimetengenezwa kwa mkono kabla ya vita vya kwanza vya dunia. Moja ya bluu inametameta ndani.

Fungu C ni kama thelathini hivi, ndani ya boksi la kadibodi, za mashine, za Marekani, nyingi ni za kampuni ya Akro, na tatu zina picha ya katuni usoni. Zinaonekana mpya kabisa.

Halafu kuna ndoo ya gololi za kawaida zinazoitwa macho ya paka, hiyo anampa bure atakayenunua chochote. Naombeni mnisaidie kulinganisha, nimeambiwa niende tena Jumamosi.

BanoKing254

Mimi ningebeba A hiyo hiyo. Tausi fikiria, mtu miaka mia na zaidi iliyopita amechukua kondoo wa udongo mweupe, akamzamisha kwenye kioo cha moto bila kumpasua, na leo ukimwangalia anang'aa kama fedha kwa sababu ya hewa kidogo iliyomzunguka. Hizo ndio zinaitwa sulfidi. Ukiiweka mezani kila mgeni atauliza. Hizi za mashine zilitoka mamilioni.

MzeeWaGololi

BanoKing umesema kweli kuhusu ufundi lakini bei hapana. Kondoo ni kati ya wanyama wanaopatikana sana kwenye sulfidi, pamoja na mbwa. Zinazopandisha bei ni zenye mtu ndani, au maumbo mawili, au kioo chenyewe kikiwa cha rangi, na hata hapo inategemea hali. Hizi kubwa watoto walikuwa wanapigia, ndiyo maana nyingi zimejaa vidonda. Yenye vidonda vitatu na mikwaruzo mimi nisingepita dola 80.

Sasa Tausi, achana na bei kidogo tuanze na utambuzi maana bila huo utakuwa unanunua maneno ya muuzaji. Kitu cha kwanza ukishika gololi tafuta ncha zake. Za Ujerumani zilikuwa zinatoka Lauscha, huko Thuringia, na vijiji vya jirani, walikuwa wanatengeneza fimbo ndefu ya kioo yenye nyuzi za rangi ndani, wanaivuta na kuisokota ikiwa bado moto halafu wanakata kipande kimoja kimoja kwa mkasi wenye kikombe, mkasi ulioanza kutumika miaka ya 1840. Pale palipokatwa panabaki kovu, mimi huwa naliita kitovu, na kwa kawaida viko viwili, kimoja kila ncha. Mistari yote lazima iondoke kitovu kimoja iende kuishia kingine. Zingine kitovu kimesagwa mpaka kuna vibapa vidogo, zingine kimeyeyushwa kwenye moto kikabaki kikwaru tu, lakini kidole kikipita taratibu unakisikia.

Kama ni laini pande zote kabisa halafu anakwambia ya mkono, basi ama ni ya mashine ama mtu ameisugua upya kuondoa vidonda. Iliyosuguliwa inapendeza machoni ila kwa wakusanyaji thamani imeshuka, maana ule uso wa asili haurudi tena. Kwenye B piga picha vitovu vyote kumi na viwili ulete hapa.

TausiWaOhio

Shikamoo mzee, asante sana. Na ile ya bluu inayometameta? Mama anasema hiyo peke yake inafikia bei ya fungu zima, ametaja jina Lutz.

MzeeWaGololi

Marahaba mwanangu. Kumetameta kuko kwa aina mbili na hapa ndipo watu wanalipa pesa ambazo hawakustahili kulipa. Lutz ina rangi ya dhahabu, ile dhahabu ni chembe ndogo za shaba ndani ya kioo, na imepangwa, yaani ni utepe wa dhahabu uliofungwa kando na mistari myembamba, mara nyingi myeupe. Kama ndivyo, na uso ni mzima, mama yuko sahihi, Lutz nzuri inapita dola mia bila shida. Ila ukiona vipande vya kung'aa kifedha vimetawanyika ovyo kwenye kioo kizima hiyo ni maika, yale mawe ya majani majani waliyoponda wakachanganya. Nazo ni za mkono, nazo ni nzuri sana, mimi nazipenda za bluu kuliko zote, ila bei ni ya chini kwa mbali. Chukua tochi uangalie kama ni dhahabu au fedha, kama imepangwa au imetawanyika.

FundiVioo

Naomba niitetee C kidogo maana naona inaonewa. Za mashine sio za hovyo jamani. Mashine iliyobadilisha biashara hii ni ya Martin Christensen wa Akron, hapo hapo Ohio, hataza yake ni ya 1905. Kioo kinaanguka kwenye magurudumu yenye mfereji, yanazunguka, kinatoka duara. Ila mwanzoni bado mtu alikuwa anachota kioo kwa fimbo na kukiachia kidondoke kwa mkono, kwa hiyo gololi za Christensen huyo zina alama yake, upande mmoja rangi nyeupe inajikunja kama tarakimu 9 na upande wa pili kuna mkia pale ilipokatwa. Kampuni ilifungwa 1917. Ukiikuta kwenye hilo boksi, nyekundu au kijani au zambarau yenye mawimbi meupe na hiyo 9, itenge pembeni haraka.

Akro Agate wao walianzia Akron pia, wakahamia Clarksburg, West Virginia mwaka 1914 kufuata gesi ya bei rahisi na mchanga, wakafunga 1951. Msokoto wao ndio sahihi yao: mstari wa rangi unazunguka gololi kutoka ncha moja mpaka nyingine bila kujikata, rangi mbili zinafuatana tu kwa adabu. Wengine waliiga lakini za wengine mistari inakatika au inakutana. Zile ambazo zina kioo angavu, nyuzi nyeupe na rangi mbili wakusanyaji wanaziita Popeye kwa sababu ziliuzwa kwenye maboksi ya Popeye. Nyekundu na njano ni za kawaida, zenye bluu au zambarau ngumu kidogo kuzipata. Tausi hilo boksi la kadibodi lina maandishi? Boksi la asili linaweza kuzidi gololi zilizomo, usije ukalitupa.

MukubwaWaAkron

Mimi niko hapa Akron na masoko ya vitu vya kale ya huku gololi hazikosekani. Naongeza kitu kimoja. Angalieni kama kuna yenye madoadoa mengi ya rangi juu ya kioo cha bluu au cha kahawia au angavu, wanaziita kanga kwa sababu ya madoa ya yule ndege. Hizo ni za Christensen Agate ya Cambridge, Ohio, ambayo ni kampuni tofauti kabisa na ya yule Martin, majina tu yamefanana. Walifanya kazi miaka michache, mwisho wa miaka ya 1920 na mwanzo wa 1930, kwa hiyo ni chache. Kanga moja safi ni dola mia kadhaa. Siku hizi kuna mafundi wanaziiga, kwa hiyo akikupa moja kwa dola tano furahi ila chunguza.

DadaSalma_Leicester

Tausi mpenzi, kuhusu bei usiangalie bei wanayotaka watu kwenye eBay, weka kichujio cha zilizouzwa tayari. Mtu anaweza kuandika dola 900 kwenye jicho la paka na likakaa hapo mpaka mwakani. Kwa za juu zaidi angalia matokeo ya mnada wa Morphy wa Pennsylvania, wao gololi ni jambo lao la kawaida na picha zao ni kubwa, utajifunza macho.

Na unapolinganisha linganisha hali kwa hali. Iliyo mint haina hata alama ya kugongwa. Ikishapata kidonda kimoja kinachoonekana kwa macho bei inaanguka vibaya, na ikiwa na mwezi, ule mpasuko wa nusu duara chini ya uso, wapo ambao hawainunui kabisa. Ndiyo maana mimi nasema Akro safi ya dola kumi ni mwanzo mzuri kuliko ya Ujerumani iliyopondeka ya dola arobaini. Umri peke yake haulipi. Za udongo za karne ya 19 zipo nyingi mno na unazipata kwa senti.

Zile tatu za katuni nazo niulize. Za kweli ni za Peltier wa Ottawa, Illinois, walichapa wahusika kumi na wawili, Annie, Sandy, Moon, Koko na wenzao, Kayo ndiye mgumu kupatikana. Picha ya kweli imechomwa ikaungana na kioo, ukipitisha ukucha hausikii kitu. Ukisikia ukingo, au ukaona mhusika wa kisasa, acha.

TausiWaOhio

Nimerudi kutoka kwa mama, nilikwenda na lenzi ya sonara, tochi ya kawaida na ile ya kukagulia noti. Majibu haya.

B: vitovu vipo kwenye zote sita, mistari inaanzia na kuishia hapo kama mzee alivyosema, nne zina wavu mweupe katikati na moja wavu wa njano. Ila tano zina vidonda, moja ina ule mwezi. Ya bluu ni nzima kabisa lakini kumetameta kwake ni kwa fedha na kumetawanyika.

C: boksi ni la kawaida, halina maandishi. Akro za msokoto ishirini na mbili, zote safi, Popeye nne na mojawapo ina bluu. Mbili ziliwaka kijani kali kwenye tochi ya noti. Za katuni zote tatu ukucha umenasa.

Kanga hakuna, 9 hakuna.

FundiVioo

Kijani kali ni urani kwenye kioo, inapendeza na wapo wanaozitafuta, ila isikupe umri, kioo cha urani kinatengenezwa mpaka leo. Msokoto ndio ushahidi wako hapo.

MzeeWaGololi

Basi umefanya kazi nzuri sana. Hiyo ya bluu ni maika, Lutz iondoe kwenye hesabu. B kwa 250 haifiki, zile tano zenye vidonda ni dola kumi kumi na tano kila moja na maika labda thelathini. Mwambie mama kwa heshima kuhusu zile za katuni, mwonyeshe mwenyewe kwa ukucha wake, azitoe kwenye C, kisha mwombe 180. Na kama ana roho nzuri mwombe akuuzie maika peke yake.

BanoKing254

Kondoo wangu mmemwacha hivi hivi.

DadaSalma_Leicester

BanoKing kwa 80 mnunue wewe, utumiwe kwa posta.

TausiWaOhio

Amekubali! C bila za katuni dola 175, na maika dola 30 juu yake. Alikuwa hajui kuhusu zile picha, amenishukuru akasema ataziandika kuwa ni za kisasa. Kondoo bado yupo, nimemwambia kuna mtu anaweza kutoa 80 amesema atafikiria. Swali la mwisho, zina vumbi la miaka, nazisafishaje?

MzeeWaGololi

Maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, moja moja, juu ya taulo. Maji ya moto usiguse, kioo cha zamani kinapasuka joto likibadilika ghafla. Dawa ya kung'arisha usitumie. Ukimaliza usizirudishe zote kwenye chupa moja zikagongana, tafuta trei ya mayai au boksi lenye vyumba, na kila moja iandikie kikaratasi: ukubwa kwa milimita, aina, hali, umenunua wapi na kwa shilingi ngapi. Halafu tuletee picha ya hiyo Popeye ya bluu mchana, kwenye mwanga wa dirisha, bila flashi.