Ruzuku ikikatwa, kituo cha redio cha jamii kianze kubana wapi?

Mnyalukolo wa Makambako
Kamwene wakuu. Tangu Marekani ikate fedha za televisheni na redio za umma Julai 2025, wengi wanasema hayo ni ya kwao. Idhaa ya Kiswahili ya VOA (Sauti ya Amerika) ilinyamaza Machi mwaka huohuo, na kituo kilichokuwa kikijaza muda kwa taarifa zake kikabaki na pengo kwenye ratiba. Kwa hiyo nauliza mawili.

La kwanza: PBS, mtandao wa televisheni ya umma ya Marekani, ilikuwa inapata kama asilimia 15 tu kutoka serikalini. Mbona vituo vinayumba hivyo?

La pili ndilo la huku kwetu. Kituo cha jamii, mtambo wa wati 1,000, kinarusha saa 18 kwa siku, na mfadhili aliyekuwa analipa umeme na matengenezo anaondoka mwezi wa sita. Bodi inataka kushusha nguvu ya mtambo hadi nusu na kumwachisha fundi. Wenye uzoefu mnasemaje?

fundi_masafa
Naanza na la pili. Nguvu shusheni, fundi msimwache.

Mtambo wa FM wa wati 1,000 wenye ufanisi wa asilimia 65 hivi unavuta kama wati 1,500. Kwa saa 18 ni yuniti 27 kwa siku, 810 kwa mwezi. Zidisha kwa bei iliyo kwenye risiti yenu ya Luku, na hapo studio bado hujaihesabu. Ukishuka hadi wati 500 unaokoa karibu nusu ya umeme huo, lakini usikivu haupungui nusu. Unapoteza desibeli 3, na penye uwazi umbali unabaki takriban asilimia 70. Huku kwetu kinachokata mawimbi mara nyingi ni mgongo wa mlima: aliye nyuma yake hakupati hata kwa wati 1,000. Watakaopotea ni wa pembezoni, wanaokupata sasa hivi kwa kukwaruza.

Kwa hiyo pimeni kwanza. Washeni wati 500 siku nzima, mtu apite vijiji vya mwisho na redio ndogo ya mkononi (ya gari inadanganya, antena yake ni nzuri mno) akiandika wapi panakwaruza. Ikionekana hasara ni kubwa, gawanyeni saa: nguvu kamili kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 3 asubuhi, na saa 11 jioni hadi saa 4 usiku, muda uliobaki nusu. Hapo mnatumia yuniti 20 na kidogo kwa siku, mnaokoa kama 200 kwa mwezi bila kumpoteza msikilizaji wa jioni. Someni masharti ya leseni kabla ya kubadilisha moja kwa moja, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, waandikieni.

Sasa fundi. Bodi nyingi huona mshahara wake kwenye karatasi, hazioni maji yakiingia kwenye kiungo cha kebo kule juu mnarani. Kwa mtambo wa wati 1,000, nguvu inayorudi kutoka kwenye antena ikiwa wati 8 au 10, lala usingizi. Ikifika 40, kuna tatizo, na mara nyingi ni unyevu. Mtambo wa kisasa hujishusha wenyewe ili usiungue, na kituo kinakaa wiki nzima kikidhani "mtandao wa hewa mbaya leo". Wa zamani unaunguza transista, na bei ya pali moja (bodi ya kukuza nguvu) ya kuagiza nje inaweza kuwa mshahara wa fundi wa miezi kadhaa.

Kiungo kifungwe tepu ya mpira inayojishika yenyewe, kisha juu yake tepu nyeusi inayostahimili jua, mkizungusha kutoka chini kwenda juu ili maji yateremke juu ya mikunjo. Kabla kebo haijaingia ukutani ipindeni ishuke kidogo ndipo ipande, matone yadondokee nje. Udongo wa nyaya za radi upimwe ukinzani wake Oktoba, kabla ya mvua, kwa sababu ndipo ulipokauka zaidi: ukisoma chini ya omu 10 basi, chini ya 5 ni bora. Kichujio cha hewa cha mtambo kisafishwe kila wiki mbili kiangazi, vumbi la Makambako mnalijua.

Kama mshahara wa kila mwezi hauwezekani, mpeni mkataba wa kuja siku 2 kwa mwezi, na mtangazaji wa zamu aandike nguvu inayotoka na inayorudi kila asubuhi kwenye daftari. Kazi ya dakika mbili.

Mdau_Hesabu
Kuhusu la kwanza, asilimia 15 ni wastani, na wastani unaficha wadogo. Kituo cha KYUK kule Bethel, Alaska, kinachotangaza pia kwa Kiyup'ik, kilitegemea fedha hizo kwa takriban asilimia 70. Kituo cha mji mkubwa kina wachangiaji na makampuni. Cha porini kina mnara uleule, gharama zilezile, watu wachache.

Halafu fedha zilizunguka. Bunge lilitoa kwa CPB, shirika la kugawa fedha za utangazaji wa umma, lililoundwa kwa sheria ya 1967. CPB ikawapa vituo vya mikoani sehemu kubwa, na vituo navyo vikalipa ada PBS kwa ajili ya vipindi. Kwa hiyo PBS ilipigwa mara mbili, ikapunguza bajeti yake kwa asilimia 21. CPB pia ilikuwa inalipia kwa pamoja haki za muziki na mfumo wa setilaiti wa kusambaza vipindi. Ilipoanza kufungwa Agosti 2025, mzigo huo ukawaangukia vituo. Bajeti ilikuwa ikipitishwa miaka 2 kabla ili wanasiasa wasiichezee, na bado dola bilioni 1.1 zilizokwisha kuidhinishwa zilirudishwa.

Nanyi kaeni na mfadhili kabla hajaondoka, muulize ni nini alikuwa anakilipa kimyakimya. Kuna leseni, kuna intaneti, kuna mlinzi wa mnara.

Uyole_Kati
Upande wa mapato: msitegemee matangazo ya vifo na harusi pekee. Pembejeo ndizo zenye fedha, Oktoba hadi Desemba, ila wauza mbolea hupanga bajeti mapema, kwa hiyo bei zenu ziwafikie Agosti. Halmashauri ikitaka kuwalipa kwa matangazo ya chanjo au mapato, lazima muwe mmesajiliwa kwenye NeST (mfumo wa serikali wa manunuzi) na muwe na risiti za EFD (mashine ya kodi). Bila hivyo ofisa anawapenda lakini hawezi kulipa. Hesabuni pia kodi ya zuio ya asilimia 5 itakayokatwa, na ombeni mkataba wa robo mwaka. Ankara ya mwezi wa sita hupotea kwenye kufunga vitabu.

Mnyalukolo wa Makambako
Ndaga, nimepata. Fundi_masafa, jenereta je? Inawashwa kila umeme ukikatika.

fundi_masafa
Umeme ukikatika, washa jenereta, ila mtambo uurushe kwa wati 300 tu. Jenereta ya kVA 10 inayobeba kilowati moja inakunywa mafuta bure, na ikiwa ya dizeli bomba la moshi linajaa masizi. Kwa mzigo huo kVA 3 inatosha.