Shela jeupe na kisutu cha bibi

*Kikundi: Ukoo wa Mikindani*

Mama Mkubwa: Asalaam alaykum wanangu. Picha ya shela nimeiona. Jeupe pe! Kwetu bi harusi huvaa kisutu, ile kanga ya harusi yenye rangi. Nyeupe mimi naijua ni bafta ya sanda.

Bi Harusi: Waalaykum salaam, shikamoo mama. Kisutu nitavaa nyumbani. Shela ni la ukumbini tu 🙏🏽

Mama Mkubwa: Marahaba. Ukumbini ndiko watu wanakokuona.

Mjomba wa Lindi: Shikamoo dada. Shela jeupe hata Ulaya si la zamani sana. Lilishika kasi baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuolewa nalo 1840. Kabla yake wengi walivaa nguo yao nzuri ya rangi yoyote. Malkia Mary wa Scotland aliolewa na nyeupe 1558 kule Ufaransa, ambako malkia aliyefiwa ndiye aliyevaa nyeupe. Mumewe akafa 1560.

Mama Mkubwa: Umeona sasa!

Mjomba wa Lindi: Lakini ihramu nayo ni nyeupe, dada. Marehemu baba alirudi Makka na zile shuka mbili, akaziweka sandukuni na udi. Tulimzika nazo. Ulilia ukasema amependeza.

Mama Mkubwa: Ni kweli. Allah amrehemu.

Kaka: Amin. Mjomba, na merikani ndiyo nini? Bibi alikuwa akiitaja kwa hasira.

Mjomba wa Lindi: Ni shuka ya pamba isiyotiwa rangi, ilifumwa viwanda vya Massachusetts, Marekani. Meli za Salem zikaileta Unguja tangu miaka ya 1830, ikaenea pwani yote na bara. Ikichovywa nili inakuwa kaniki. Mwungwana alivaa kanzu nyeupe iliyofuliwa ikang'aa, mtumwa akafungwa kipande cha merikani. Weupe ule ule, heshima mbalimbali. Unguja wanawake walipoachwa huru waliiacha merikani na kaniki, wakakimbilia kanga. Huku Tanganyika sheria ya kufuta utumwa ilikuja 1922.

Mama Mkubwa: Basi niseme, maana nyie wadogo hamkuambiwa. Bibi mzaa mama wa mama yetu aliletwa kutoka Nyasa akiwa mtoto. Alifika Mikindani hapa na merikani moja kiunoni, imechanika, ya rangi ya vumbi. Alipokuwa huru, nguo ya kwanza aliyonunua kwa jasho lake ilikuwa kisutu. Mama alinifunga kisutu siku yangu akaniambia, mwanangu, wewe vaa rangi.

Kaka: 😢

Bi Harusi: Mama, sikujua. Wallahi sikujua.

Bi Harusi: Fundi akitia pindo la kisutu chini ya shela lote, na mtandio uwe kisutu chenyewe?

Mjomba wa Lindi: Kisutu nanunua mimi.

Mama Mkubwa: Usinunue. Kile cha mama ninacho.

Mama Mkubwa: Kesho baada ya alasiri nileteeni hilo shela, nipime pindo mwenyewe. Lifungeni vizuri na msikatize mikoroshoni. Doa la bibo halitoki hata kwa jiki.