Randa ya mkono kwa mninga: namba 4, namba 5, au nirudi kwenye ya mbao?

Maranda
Wakuu, habari za mihangaiko. Mimi ni seremala, nipo Morogoro, kazi zangu nyingi ni milango na fremu. Mbao napeleka kupigwa randa mashineni, zikirudi namalizia na msasa, na kwa milango hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Sasa nimepata kazi ya meza ya mninga ya watu wanane, na mwenye meza anataka vanishi ya kung'aa. Wanaojua wanajua: mashine inaacha mawimbi madogo madogo ya visu. Mbao ikiwa kavu huyaoni. Paka vanishi, taa ipige kwa ubavu, yanajitokeza yote.

Nina randa ya chuma ya bei poa, namba 4. Kwenye mninga inateleza vizuri na maranda yanatoka marefu, halafu nikifika katikati ya ubao inaanza kunyofoa na kuacha vishimo. Nikigeuza ubao nianzie upande wa pili, pale palipokuwa pazuri ndipo panaponyofoka. Bajeti yangu ni laki mbili. Ninunue namba 5? Nitafute ya zamani ya Muingereza? Au ya mbao kama waliyotumia wazee? Semeni mnayoipenda na kwa nini. Naomba kuwasilisha.

Mzee wa Keko
Namba 5, kijana. Kisu cha 4 na cha 5 ni kilekile cha inchi 2, tofauti ni urefu wa soli, yaani uso wa chini wa randa. Ya 4 ina inchi tisa na kitu, ya 5 ina inchi 14. Randa fupi inashuka bondeni na kupanda kilimani pamoja na ubao, wewe unaona maranda yanatoka ukadhani unanyoosha. Ndefu inapita juu ya bonde na kukata vilima tu. Kwa meza ya watu wanane ukitegemea ya 4 peke yake utamaliza unene wa mbao kabla haijanyooka.

Yangu ni Record ya Sheffield, Uingereza, ile ya bluu, namba zao zinaanza na sifuri, kwa hiyo imeandikwa 05. Nina visu viwili. Kimoja nimekinoa kwa mviringo kidogo, hicho ni cha kula mbao nikisukuma kimshazari. Kingine kimenyooka, nimepunguza pembe zake mbili kidogo sana ili zisiache mistari. Randa moja, kazi mbili. Kwa kuunganisha mbao ubavu kwa ubavu ningekwambia namba 7 ya inchi 22, ila kwa laki mbili sijui kama utaipata.

Kijana wa Sasa
Nunua randa ya umeme mkuu, haya ya kusukumana na mbao tuliachana nayo zamani.

Mzee wa Keko
Amesema anakimbia mawimbi ya mashine, wewe unamuuzia mashine ndogo yenye mawimbi yaleyale. Soma uzi kwanza.

Tezi na Omo
Salaam aleikum. Niko Lamu. Hamjaitaja kwa heshima randa ya mbao, na mimi ndiyo ninayoishika kila siku. Soli ya mbao inateleza juu ya mbao bila kukwama, ilhali ya chuma usipoipaka mshumaa chini inakuchosha mabega. Ni nyepesi. Ikianguka sakafuni unaiokota na kuendelea na kazi, hali ya chuma cha kusubu huwa haipindi, hupasuka. Kurekebisha ni nyundo ndogo tu: gonga kichwa cha kisu kishuke, gonga kisogo cha randa kirudi juu, kisha kaza kabari. Mdomo, yaani tundu la chini ambamo kisu kinachomoza, ukilika kwa miaka, unachimba na kupandikiza kipande kigumu hapo mbele ya kisu. Nani kati yenu amewahi kupandikiza mdomo wa Record?

Aibu yake ni moja, hewa ya pwani. Masika ikija mwili wa randa hujaa unyevu na soli huacha kunyooka, ikawa lazima uipige randa randa yenyewe.

Mzee wa Keko
Shekhe, hapo umejibu mwenyewe kwa nini nanunua chuma.

Dada Mbao
Hamjambo. Ninafanya samani Nairobi, mvule na mkangazi zaidi. Mnabishana kuhusu namba na shida ya Maranda haiko kwenye namba. Hebu someni tena alichoandika: akigeuza ubao, panaponyofoka panahama. Hiyo ni mbao ya nyuzi zilizopishana. Mti umekua ukijizungusha, miaka kadhaa kulia, miaka kadhaa kushoto, na ubao ukipasuliwa unapata mistari mistari: mmoja nyuzi zinaelekea kwako, wa jirani yake zinaelekea mbali nawe. Hakuna upande wa kuanzia utakaoiridhisha mistari yote. Kwa hiyo hata umnunulie randa ya dhahabu, akiiweka kama alivyoiweka hii, atanyofoa tu, tena kwa bei kubwa zaidi.

Maranda, fungua randa yako utoe kisu. Mgongoni kimefungwa kile chuma cha pili kwa skrubu. Wengi wanadhani kazi yake ni kukaza kisu kisitikisike, wanakifunga popote, milimita mbili au tatu kutoka kwenye makali. Kisogeze mpaka kibaki chini ya nusu milimita. Kwa macho ni mstari mwembamba wa mwanga tu kati ya makali na chuma hicho. Kikiwa karibu namna hiyo, randa la mbao, yaani ganda jembamba linalokatwa, likiinuka linagonga ukuta na kukunjwa papo hapo, halipati nafasi ya kujing'oa na kwenda na nyuzi za mbele yake. Utajua umepatia ukiona maranda yanatoka yamenyooka yenye vikunjo vidogo badala ya kujikunja duara.

Kabla ya kufunga, kiinue juu uelekee dirishani. Ukiona mwanga unapenya kati ya kisu na chuma cha mgongoni, piga chuma hicho tupa laini, kisha jiwe, mpaka vishikane. Usiposhughulikia hilo, maranda yataingia hapo na kuziba kila baada ya dakika.

Maranda
Dada asante, hilo sijawahi kuambiwa na fundi yeyote. Swali: nikisogeza karibu hivyo si mdomo ndiyo utaziba kabisa? Yangu mdomo wake nimeubana.

Dada Mbao
Ndiyo, utaziba. Chagua kimoja. Legeza zile skrubu mbili chini ya kisu, kirudishe nyuma kile kipande kinachokibeba ili mdomo ufunguke, umwachie chuma cha mgongoni kazi. Na ukate kwembamba. Ukitaka kumaliza ubao kwa mipigo mitatu hakuna mpangilio utakaokusaidia.

Ikitokea mbao ni kaidi kweli, kuna dawa nyingine. Randa hizi zote kisu kimelala nyuzi (digrii) 45. Chukua kisu cha akiba, ule upande wake bapa uupe mnoo mdogo sana pale kwenye makali, nyuzi kama 10 au 15. Sasa mbao inakutana na makali ya nyuzi 55 au 60, yanakwangua zaidi kuliko kupasua. Kusukuma ni kuzito, lakini hainyofoi. Usifanye hivyo kwa kisu chako cha pekee, maana kukirudisha ni kazi ya mchana mzima.

Mzee wa Keko
Haya, dada kanishika. Chuma cha mgongoni nakubali, hata mimi nakiweka karibu, nilisahau kama wengine hawajui. Ila kwa kunyoosha meza bado namba 5, hapo sitoki.

Na uangalie mvule kama utaugusa. Ndani yake kuna mawe, chokaa kabisa imeganda humo. Ukiligonga unakuta pengo kwenye makali. Mtiki hauna mawe hayo lakini una mchanga ndani ya mbao yenyewe, unamaliza makali polepole bila kukwambia.

Fundi Mpole
Naongeza kuhusu kunoa maana naona mmeruka. Jiwe lenye bonde katikati linakupa kisu chenye tumbo, na hapo mengine yote hayana maana. Mimi situmii jiwe siku hizi. Natumia kioo kinene na msasa wa maji, namba 400, halafu 1000, namalizia 2000. Nyuzi 25 kwenye mashine ya kusaga, nyuzi 30 kwa mkono pale kwenye ncha tu. Jaribu makali kwenye kichwa cha ubao wa paini, siyo kwenye nywele za mkono. Paini ni laini, kisu butu kinaiponda badala ya kuikata na utaona weupe wa kupondeka. Kioo hichohicho unapimia soli: chora mistari ya penseli chini ya randa, isugue juu ya msasa huku kisu kimekazwa lakini kimepandishwa juu. Mbele ya mdomo pakigusa, na ncha mbili zikigusa, inatosha.

Maranda
Nimerudi. Nimejaribu kwenye kipande cha mninga kilichobaki. Chuma cha mgongoni kilikuwa milimita tatu nyuma, na mwanga ulikuwa unapita. Nimekipiga tupa, nimekisogeza. Mstari uliokuwa unanyofoka umepita safi kwa randa hiihii ya bei poa! Vishimo vimebaki viwili vya zamani tu. Namba 5 bado naitaka kwa ajili ya kunyoosha. Nimeambiwa kuna 05 iliyotumika, bila kisu. Kisu cha Stanley kitaingia?

Mzee wa Keko
Kwa kawaida kinaingia. Namba hizi ni za Stanley wa Marekani, walinunua hataza za mbunifu wa randa hizi, Leonard Bailey, mwaka 1869, na Record walipoanza kutengeneza randa mwaka 1931 walifuata muundo uleule. Ndiyo maana 5 ya huyu ni 5 ya yule. Lakini usilipe kwa simu. Nenda na kisu chako cha namba 4, ni upana uleule, kifunge humo, zungusha gurudumu la shaba uone kama kinapanda na kushuka. Kisha geuza randa, angalia pembe za mdomo kwa makini. Ufa mwembamba hapo unafunikwa na uchafu na grisi, kwa hiyo nenda na kitambaa uufute mbele ya muuzaji.

Tezi na Omo
Na mshumaa usisahau.