Karatasi za kulinda mazingira zimeniotesha sambusa manyoya, halafu leo natukanwa!

Wakuu nina hasira hapa mikono inatetemeka. Yule jamaa wa duka la vitu asilia mnamjua, yule wa miwani anayeongea taratiiibu kama daktari, sina haja ya kumtaja. Leo kaniuliza mbele ya watu: "Kwani mama, nyumbani karatasi za jikoni mlishawahi kutumia au ndo mnajifunza?" MNAJIFUNZA! Mimi!

Mwezi mzima nimehama, tishu ya chooni, za mezani, za jikoni, nyeupe zote nimeacha nikachukua zile za kahawia za mianzi, bei mara mbili na sijalalamika maana mto Msimbazi nauona unavyobeba takataka kila mvua ikinyesha na nilitaka za kwangu zipungue. Jana nina wageni, nimekaanga sambusa, nimetandika karatasi kwenye sinia zichuje mafuta kama siku zote. Nageuka kuepua chai, narudi, karatasi imeshikana na sambusa, ukiivuta inaacha vinyuzi vya kahawia, sambusa zimeota manyoya kama panya buku! Mama mkwe kachomoa unyuzi ulimini, kautazama kwenye taa, hakusema neno.

Leo narudisha pakiti 5, naambiwa mnajifunza. Na kila roli imevalishwa nailoni yake! Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, wewe mazingira yenyewe unaniuzia ndani ya nailoni? Nikageuza pakiti, chini kabisa kwa maandishi ya sisimizi: mianzi NA karatasi zilizorejelewa. Namwonesha, ananijibu "ndo mnajifunza hivyo hivyo". Foleni nzima ikacheka, hadi mtoto wa mgongoni. Mnajifunza!

fundi_sinia: Hahaha panya buku 😂😂 dada pole, ila sambusa chuja kwenye chujio

karatasi_tupu: Mleta mada ungeuliza kwanza. Karatasi kila ikirejelewa nyuzi zake zinakatika zinakuwa fupi, ikilowa lazima iachie. Ya mianzi mitupu ina nyuzi ndefu kidogo, hiyo umeuziwa mchanganyiko

Mleta mada: Sasa angeniambia hivyo si ningemwelewa?? Kaniambia MNAJIFUNZA

mzee_wa_kopo: Mnahangaika na mianzi, sisi huku pwani kopo la maji toka enzi za mababu

niko_muscat: @mzee_wa_kopo kopo la nini, huku kila choo kina mpira wake wa maji, tishu ni ya kujikaushia tu, roli moja linakaa wiki

mama_kachori: Mwenzangu mimi huyo huyo wa miwani aliniuzia leso za karatasi, nikafuta meza mara moja zikabaki vumbi. Nikanyamaza kwa aibu

msafiri_wa_Mbagala: Afadhali nyie. Mimi mfuko wa kaki umepasuka kituoni, nyanya kilo 2 zimeingia chini ya daladala na konda anasema twende twende

fundi_sinia: @msafiri_wa_Mbagala uliokota?

msafiri_wa_Mbagala: Niliokota 4. Zingine tairi

Mleta mada: Jamani turudi kwenye mada, kesho naenda tena na sinia langu, nani ananisindikiza?

mzee_wa_kopo: @niko_muscat huo mpira ukiuleta Dar unauzaje? Maji ya kwetu presha ndogo, utafanya kazi kweli?