Naomba ushauri: kamera na maiki ya bei nafuu ya kushutia video ufukweni

Habarini wakuu, niko Bagamoyo, nashuti video za mafundi mashua kule ufukweni karibu na soko la samaki, natumia simu tu. Picha siyo mbaya, tatizo sauti jamani. Juzi mzee mmoja kanielekeza vizuri kabisa jinsi ya kukalafati, yaani kuziba mashua isiingize maji, anachukua pamba ya mafuta anaisindilia kwenye maungio ya mbao huku anaongea, nafika home nasikiliza ni upepo mtupu vuuuu na nyundo, maneno yake hayasikiki hata moja. Iliniuma sana maana wale wazee ndo wanaisha hivyo.

Sasa nina laki sita. Kuna jamaa ananiuzia kamera ya Canon 700D yustidi, ina tundu la maiki ila la hedifoni haina, so siwezi kusikiliza wakati narekodi, hapo ndo napata wasiwasi. Au nibaki na simu ninunue maiki ya kubana shatini kama BOYA BY-M1, waya wake mita 6, na stendi? Na kile kisponji chake kinatosha kwa upepo wa bahari au lazima yale manyoya ya kufunika maiki? Waliowahi kushuti pwani naombeni mnisaidie.