Kupiga kambi milimani na watoto: ulichaguaje mahali? Tupeane uzoefu

Mama Mapacha

Wakuu, salaam. Likizo ya Juni hiyo inakaribia, na mimi na mume wangu tumekubaliana kwamba safari hii watoto wanapanda mlimani na hema. Nina mapacha wa miaka 6 na dada yao wa miaka 11. Naomba aliyewahi kulala milimani na watoto wake atuambie alilala wapi, alipachaguaje, na usiku ulikwendaje.

Nasisitiza usiku. Watu wakisifia kambi husifia mandhari, jua linavyochomoza, mawingu yanavyokuwa chini yako. Mimi huanza na saa nane za usiku. Mtoto akishikwa na haja, choo kiko hatua ngapi? Akianza kubanwa kifua, gari linafika hapo au limeachwa bondeni? Akitoka usingizini akapotea njia, mbele yake kuna nyasi au kuna genge? Mahali pakifaulu hapo ndipo naangalia mandhari.

Naanza na yangu, maana si vizuri kuomba bila kutoa. Sisi tulikwenda Lushoto. Barabara ya kutoka Mombo ni kona juu ya kona, kwa hiyo wape watoto chakula chepesi kabla ya kupanda, na simameni Soni wapate hewa na waone maporomoko. Wengi hukimbilia Irente, na kweli panavutia: mwamba unakatika ghafla, na chini kabisa unaona tambarare ya Mazinde na mashamba ya mkonge. Mtu mzima atakaa pale mpaka jua lizame. Ila mtoto wa miaka 6 anayekimbiza panzi silazi hema langu karibu na ukingo ule. Tulipiga hema ndani ya uwanja wa shamba, penye majani mafupi, uzio, mlinzi, na bomba karibu. Irente tulikwenda mchana, kila mtoto ameshikwa mkono.

Kufika saa kumi na mbili jioni ukungu ulikuwa umeshaingia na kila kitu kimelowa umande, hata kamba za hema. Soksi kavu za kulalia ndizo zilizotuokoa. Asubuhi watoto walikula mkate na jibini ya hukohuko, kisha tukatembea msitu wa Magamba na mwongozaji. Wale mapacha hawajaacha kusimulia mbega walivyoruka juu ya vichwa vyao, na mikia ile mirefu myeupe.

Haya, karibuni.

Baba wa Karatu

Mama Mapacha, swali lako la saa nane usiku nimelipenda. Mimi niseme habari ya Simba A, kambi ile ya ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na huo mwezi wa Juni unaoutaka wewe ndio mwanzo wa baridi yenyewe. Kumbuka hesabu hii: kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kama nyuzi 6. Mtoto wa Dar au Tanga hajawahi kulala kwenye baridi ya namna ile.

La pili, hakuna uzio. Pundamilia na nyati hupita katikati ya mahema wakila majani, na tembo huja kunywa maji kwenye tangi. Wanangu waliwasikia pundamilia wakitafuna nje ya turubai, krap krap krap, na sisi tumekaa kimya ndani tumeshikana. Kwao ilikuwa furaha isiyo kifani. Lakini choo kiko mbali na hema, na usiku hutoki. Tuliingia na ndoo yenye mfuniko, ikatutosha wote. Kwa watoto wa miaka 10 kwenda juu, wanaoambiwa "kaa" wakakaa, panafaa. Wenye watoto wadogo, laleni Karatu mjini, shukeni kreta mchana.

Na mkishuka, msile chakula nje pale Ngoitokitok, mahali pa kupumzikia ndani ya kreta. Mwewe wa pale wamezoea. Binti yangu alinyang'anywa paja la kuku mkononi kabla hajaliuma, akabaki na mkwaruzo. Kuleni ndani ya gari.

Nesi wa Zamu

Naomba niweke la kazini, maana nalijali sana. MSIINGIZE JIKO LA MKAA NDANI YA HEMA. Hata kama mkaa umeshika majivu, hata kama mmeacha zipu wazi kidogo. Ule mkaa unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na mtoto aliyelala haamki kuikimbia. Baridi inatibiwa kwa nguo kavu, kofia, na kitu kinene chini ya mgongo. Watu wanarundika mablanketi juu na kusahau kwamba ardhi ndiyo inayonyonya joto. Godoro dogo la sponji chini ni bora kuliko blanketi la tatu juu.

Kuhusu urefu: kuanzia kama mita 2,500 mtu anaweza kuugua kwa sababu ya hewa nyepesi. Mtoto mdogo hatakwambia kichwa kinamuuma. Utaona amegoma kula, analialia, anatapika, hataki kucheza. Ukiona hivyo, msimpandishe zaidi, na akizidi mshusheni, hata kama ni usiku. Ndiyo maana swali la gari liko wapi ni swali la maana kweli.

Halafu msidanganyike na neno "milima". Kambi za Udzungwa pale Mang'ula ziko chini, kwenye joto na mbu. Maporomoko ya Sanje yana mita 170 na watoto wakubwa wanayamudu, ila chandarua lazima.

Kibo Kwa Mbali

Wakuu, mtawatisha watu wabaki nyumbani! Watoto wanaweza mambo mengi kuliko tunavyodhani. Siri ni kulala chini na kutembea juu. Sisi tulipiga hema Marangu, chini ya Kilimanjaro, kwenye bustani ya mwenyeji mmoja, migomba na kahawa pande zote. Asubuhi tukaingia getini, tukapanda mpaka kambi ya Mandara, mita 2,720, tukasogea mpaka kreta ya Maundi, tukarudi kulala Marangu. Njia yote ni msitu, kima wanaonekana, na mtoto akichoka mnageuza tu, hakuna anayewadai kufika. Kileleni wenye umri chini ya miaka 10 hawaruhusiwi, basi msiwajaze hamu ya Uhuru.

Nendeni na vitambulisho vyenu vya NIDA na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Getini bei inakwenda kwa uraia na umri, na walio chini ya miaka 5 hawalipi.

Msomali wa Moshi

Siafu.

Hakuna aliyewataja, na milima yenye msitu mbichi ni kwao. Sisi hema letu lilivamiwa usiku baada ya mvua. Mwanangu wa miaka 4 aliamka akipiga kelele, kuwasha tochi naona soksi yake nyeusi. Tulimtoa nje, mama yake akawa anawang'oa mmojammoja. Mwili unatoka, kichwa kinabaki kimeuma kwenye uzi. Tuliviona vile vichwa kwenye soksi mpaka tulipofika nyumbani.

Siku hizi kabla sijatandaza turubai nazunguka eneo lote na tochi, natafuta mstari wao. Nikiuona tunahama, sibishani nao. Na nguo za mtoto za kubadili usiku nazilaza ndani ya gari, siyo hemani.

Wa Nyeri

Hamjambo ndugu zetu. Upande wa Mlima Kenya, njia ya Naro Moru, gari la nguvu linaweza kukufikisha Met Station, mita 3,050. Hapo ndipo wazazi wengi wanapotegwa: mtoto ametoka Nairobi asubuhi amekaa kwenye kiti, jioni yuko juu hivyo, mwili haujapata nafasi ya kuzoea. Sisi tulilala chini karibu na geti, watoto wakacheza mtoni mchana kutwa, kesho yake tukatembea juu kidogo na kurudi. Hakuna aliyeumwa kichwa.

Chakula nacho kina mambo yake. Huko juu maji yanachemka kabla hayajawa moto sawasawa. Kwenye mita 3,000 ni kama nyuzi 90 tu. Maharagwe yatachemka mpaka gesi iishe na bado ni magumu, na watoto wenye njaa hawangoji. Githeri pikeni nyumbani iive kabisa, kambini ni kupasha tu.

Na wanaofikiria Elgon: ni mlima mzuri mno kwa familia, watu wachache. Lakini pango la Kitum waacheni watoto waliangalie kutoka nje. Mwaka 1980 na 1987 watu wawili waliolitembelea walipata homa ya Marburg, ugonjwa hatari wa virusi unaobebwa na popo, na pango hilo lina popo. Mtoto hawezi kuingia pangoni asishike ukuta kisha asitie mkono mdomoni.

Mama Mapacha

Asanteni sana jamani. Wa Moshi, ile ya soksi nimemsomea mume wangu kwa sauti, akaenda moja kwa moja kuikagua zipu ya hema letu. Na hilo la jiko nesi, ningeomba kila mzazi alisome.

Swali: mnapajuaje mahali kabla ya kufika? Picha zote mtandaoni ni jua na maua.

Fundi Turubai

Piga simu, ongea na anayelala pale, siyo anayepokea pesa. Uliza: choo ni cha shimo au cha maji, na usiku kina taa? Maji ya bomba au ya mto? Mvua ikinyesha gari linatoka? Wikendi kuna muziki? Hili la muziki lilinikuta sehemu moja nisiyoitaja: tumepanda mlima kutafuta utulivu, spika zimefungwa mita chache kutoka kwenye hema, watoto wamelala alfajiri. Muulize pia kama kuna banda au chumba cha akiba mkishindwa na mvua. Akikujibu "hamna shida" kwa kila swali, mimi natafuta kwingine. Anayepajua mahali pake atakwambia na ubaya wake.

Na fikeni mapema. Saa moja usiku kumeshakuwa giza, na kuchomeka vigingi gizani huku watoto wanalia baridi ni mateso.

Mama Mapacha

Nimeyanakili yote. Watu wa Mbeya na Njombe mbona kimya? Dada yao mapacha anataka maua ya Kitulo.

Rungwe Moja

Tupo, mama. Kwa Juni mwambie avute subira. Maua yale yanatoka wakati wa mvua, Desemba hadi Aprili, na huo ndio wakati barabara zina utelezi. Uwanda wenyewe uko kama mita 2,600, upepo hauna pa kujificha, hakuna mti. Mimi na wanangu huenda mchana tu. Kwa Juni njooni mlale Tukuyu, mpande ziwa Ngosi asubuhi kabla ukungu haujafunika. Njia ni msitu wa mianzi, mapacha wa miaka 6 wataimudu mkiwa hamna haraka, ila kule juu kuna ukingo mkali kama huo wako wa Irente. Mkono kwa mkono.